Anayefika Menton asiishie ufukweni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu makala iliyotoka hivi karibuni kwenye safu ya safari, iliyowaelekeza wasomaji katika miji ya pwani ya kusini mwa Ufaransa. Mwandishi aliisifu bahari, jua la mwezi wa Februari na mahoteli yaliyojipanga mbele ya maji, na hapo sina ugomvi naye, kwani yote hayo nimeyaona kwa macho yangu. Ninalolipinga ni kwamba mji wa Menton aliutaja kwa aya moja tu, kana kwamba ni ufuo wenye malimau ya mapambo, akapita. Vilima vilivyo nyuma ya mji huo hakuvigusa kabisa. Mimi nasema Menton haielezeki bila vilima vyake, na msomaji aliyejinyima miaka kadhaa ili afike huko anastahili kuambiwa hivyo kabla hajakata tiketi.

Nimekuwa bwana shamba kwa miaka 32, na sehemu kubwa ya utumishi wangu niliifanyia Muheza, kwenye machungwa. Binti yetu anasoma Nice, mji mkubwa wa pwani hiyo hiyo, na Februari iliyopita mimi na mama yake tulikwenda kumtembelea kwa wiki tatu. Siku za mwanzo tulifanya kosa ambalo naamini Waswahili wengi hulifanya. Wakala mmoja wa ziara alituuzia safari ya siku moja ya kupita miji minne, na Menton tukapewa dakika arobaini. Tulishushwa karibu na bahari, tukaambiwa tupige picha, tukapandishwa tena kwenye gari. Nilipouliza yale manyumba ya rangi ya machungwa na manjano yaliyobebana juu ya kilima ni ya nani, kiongozi wetu alitazama saa yake. Nilirudi Nice nikiwa na picha nyingi za maji, na nikiwa sijui lolote.

Wiki iliyofuata tulirudi wenyewe kwa treni. Kutoka Nice ni chini ya saa moja, na reli inakwenda sambamba na bahari karibu njia nzima. Safari hii hatukuelekea ufukweni. Tulipanda.

Mji mkongwe wa Menton unapandwa kwa ngazi. Ukitoka chini barabarani unakutana na ngazi pana za mawe zinazokufikisha kwenye uwanja mdogo uliotandikwa kokoto nyeusi na nyeupe, na hapo limesimama kanisa la Mtakatifu Mikaeli Malaika Mkuu, lililoanza kujengwa katika karne ya 17. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba mtu aliyezaliwa Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu asingejiona mgeni: kivuli mchana kutwa, nguo zimeanikwa juu ya vichwa vya wapita njia, na harufu ya vitunguu vinavyokaangwa inatoka dirishani. Juu kabisa, mahali ilipokuwa ngome ya zamani, kuna makaburi, na makaburi hayo yanaeleza historia ya mji kuliko bango lolote la utalii.

Hadi mwaka 1848 Menton ilikuwa chini ya watawala wa Monaco. Kodi zao ziliwachosha watu, zikiwemo za malimau yaliyokuwa riziki yao, na mwaka huo Menton pamoja na jirani yake Roquebrune zikajitangaza kuwa miji huru. Mwaka 1860 wananchi walipiga kura ya kujiunga na Ufaransa, na mwaka uliofuata mtawala wa Monaco akaachia haki zake juu ya miji hiyo miwili kwa faranga milioni 4. Wakati huohuo daktari Mwingereza, James Henry Bennet, aliyekuwa mgonjwa wa kifua, alikuwa amefika mwaka 1859 akidhani amekuja kufa, akapata nafuu, akaandika kuhusu hali ya hewa ya mahali hapo. Baada yake walifurika wagonjwa wa kifua kikuu kutoka Uingereza, Urusi, Ujerumani na kwingineko, na reli ilipofika mwaka 1869 wakazidi. Wengi hawakupona. Pale makaburini mke wangu alianza kusoma miaka kwenye mawe, akihesabu kwa vidole, na kila mara jibu lilikuwa miaka 19, miaka 23, miaka 26. Alikaa kwenye ukuta wa chini akanyamaza muda mrefu, uso wake umeelekea baharini. Vijana wale waliletwa na wazazi wao kutoka mbali kutafuta jua, na sasa wanalala mahali penye mandhari nzuri kuliko pote mjini. Humo humo yumo William Webb Ellis, yule anayesimuliwa kuwa ndiye aliyeanzisha mchezo wa raga; watu wa raga huenda kumzuru, na kaburi lake halihitaji kutafutwa sana.

Sasa niseme kwa nini vilima ndivyo vyenye mji. Mlimau ni mti usiovumilia jalidi. Usiku mmoja wa baridi kali unatosha kuua matunda, na usiku kadhaa unaua mti wenyewe. Menton iko Ulaya, kwenye mguu wa milima ya Alps, na kwa hesabu ya ramani peke yake mlimau haungekuwa na kazi huko. Lakini nyuma ya mji kuna vilele vinavyozidi mita 1,000 vilivyosimama kama ukuta, vikikinga upepo wa kaskazini, huku bahari iliyo mbele ikihifadhi joto la mchana na kulirudisha usiku. Mji umekaa kwenye kikombe. Wagonjwa wa daktari Bennet walifuata kinga ile ile inayofuatwa na malimau, na watalii wa leo wanaota jua Februari kwa sababu hiyo hiyo, ingawa wengi wao hawageuki kutazama nyuma.

Tulipanda Sainte-Agnès kwa basi la umma. Barabara inajikunja kama nyoka aliyebanwa mkia, na dereva anapiga honi kabla ya kila kona. Kijiji kiko karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, nayo bahari iko kilomita chache tu kwa jicho la ndege, ndiyo maana wenyeji wanajisifu kuwa hakuna kijiji cha pwani kilicho juu kuliko chao katika Ulaya nzima. Nyumba za mawe zimeshikamana chini ya jabali, na juu ya jabali kuna magofu ya ngome. Watu hawakujenga huko kwa kupenda mandhari. Walikimbia maharamia na wavamizi waliotoka baharini, na katika kumbukumbu zao wavamizi hao wa kale walikuwa Waislamu wa ng'ambo, waliowaita Wasarasini. Hata hivyo ngano ya kijiji chenyewe ni ya Haroun, mkuu wa Wasarasini aliyempenda binti wa huko. Nilifurahi kuikuta simulizi hiyo ikisimuliwa bila chuki, na nilimwambia binti yangu kwamba watu wa pwani popote duniani wanaogopa bahari na wanaoana nayo.

Chini ya kijiji hicho hicho, ndani ya mwamba, kuna ngome nyingine ya zege iliyojengwa katika miaka ya 1930 kama sehemu ya Mstari wa Maginot, safu ya ngome za Ufaransa za kulinda mipaka yake, kwa hofu ya Italia ya Mussolini. Juni 1940 mizinga yake ilifanya kazi dhidi ya jeshi la Italia, lakini Menton yenyewe ilitekwa, ikatawaliwa na Waitalia hadi Septemba 1943. Mpaka uko karibu mno. Ukisimama pale juu unaona Italia upande wa kushoto, na siku ya anga safi, wanasema, hata kisiwa cha Corsica kinaonekana. Sisi hatukukiona, kulikuwa na ukungu mwepesi upande wa mbali.

Basi la mwisho la kurudi lilituacha. Duka la kijiji lilikuwa limefungwa tangu adhuhuri kama ilivyo desturi yao, tukawa na chupa moja ya maji kwa watu watatu, na binti yetu akasema kuna njia ya miguu. Nakiri kwamba nilikasirika. Leo namshukuru Mungu kwa basi lile kuondoka.

Njia inaanza kwenye vichaka vikavu vyenye harufu ya zaatari, inashuka kwenye misonobari, kisha inaingia mizeituni, na chini zaidi, mahali jalidi isipofika, ndipo milimau inapoanza. Mteremko wote huo umekatwa ngazi, na kila ngazi imeshikiliwa na ukuta wa mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo wa kugandishia. Ndugu zangu mabwana shamba watanielewa. Ukuta wa namna hiyo hauyazuii maji. Huyaacha yapenye kati ya mawe na kubakiza udongo, kwa hiyo mvua kubwa ikija hakuna shinikizo nyuma ya ukuta la kuupasua. Mwaka 2018 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa maombi ya pamoja ya nchi 8, Ufaransa ikiwa mojawapo. Nilisimama mbele ya ukuta mmoja wenye kimo cha kifua changu, nikaingiza vidole kati ya mawe, nikakuta unyevu, na mizizi myembamba ya magugu imejifuma ndani. Niliwakumbuka wazee wa Usambara waliotusimulia jinsi walivyoyakataa matuta waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni katika miaka ya 1940 na 1950. Hawakuwa wajinga, tuta la kulazimishwa ni adhabu, na haya ya Menton yamesimama kwa sababu kila ukoo ulijenga lake na kulirithisha.

Kwenye ngazi za chini tulimkuta mzee mmoja akivuna. Mwanangu alimwamkia kwanza, kama inavyopasa, na hapo mlango ukafunguka. Niseme hapa kwamba wenzetu wa kule wanashikilia salamu kama sisi: ukiingia dukani au ukimkuta mtu njiani kijijini, usipotangulia kusema bonjour utajibiwa kwa ukavu, na ukitangulia utasaidiwa. Mzee alikuwa anakata limau kwa mkasi wa kupogolea, akiacha kikonyo kifupi na jani moja au mawili juu yake. Alieleza kuwa jani ndilo cheti. Likiwa kijani na gumu, mnunuzi sokoni anajua tunda limechumwa jana au leo. Kisha alilikwaruza ganda kwa ukucha wa kidole gumba akanisogezea puani. Nimeshika malimau maisha yangu yote, lakini harufu ile haikuwa na ukali ninaoujua. Ilikuwa tamu, karibu na ya maua. Nilimuuliza amebebesha juu ya mti gani, akanionyesha kovu la kubebesha karibu na ardhi na kusema ni mdanzi. Sisi Muheza tunabebesha mchungwa juu ya mlimau, yeye anabebesha mlimau juu ya mdanzi. Tulicheka wote wawili, ingawa binti yetu aliyetukalimania hakuona cha kuchekesha. Nilimwambia pia kwamba neno letu limau na neno la Kiitalia limone yametoka shina moja, lililopitia kwa Waarabu kama mti wenyewe ulivyopitia.

Alitupa malimau matatu. Nilitamani kumwomba vikonyo vya kubebeshea nije navyo nyumbani, lakini sikuthubutu, na namsihi kila msomaji asithubutu, kwa sababu magonjwa ya jamii ya michungwa husafiri ndani ya kijiti kidogo na huweza kumaliza mashamba ya wilaya nzima.

Kuhusu Sikukuu ya Malimau, ambayo ndiyo mwandishi wenu aliyoitaja, ni kweli inapendeza. Imekuwapo tangu 1934, na kila mwaka takriban tani 140 za matunda hufungwa kwa raba, moja moja, juu ya maumbo makubwa katika bustani ya Biovès na kwenye magari ya maandamano. Lakini msomaji ajue kuwa sehemu kubwa ya matunda hayo huagizwa kutoka Hispania, kwa kuwa limau la Menton lenyewe ni chache na ni ghali mno kwa mapambo. Tangu 2015 limau hilo lina alama ya Umoja wa Ulaya inayolinda jina lake, na haliitwi hivyo mpaka liwe limekuzwa Menton au katika vijiji vinne vinavyoizunguka: Castellar, Gorbio, Roquebrune-Cap-Martin na Sainte-Agnès. Sheria yenyewe imekiri kwamba mji na vilima ni kitu kimoja. Anayetaka limau halisi aende sokoni mjini, kwenye soko la ndani lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19, aulize lenye jani.

Sokoni humo atapata pia chakula kisichomgharimu sana. Kuna socca, mkate mwembamba wa unga wa dengu na mafuta ya zeituni unaookwa kwenye sinia kubwa. Aliyekulia bajia za dengu hatauona mgeni. Kuna barbajuan, inayofanana na sambusa, iliyojazwa mboga za majani na jibini. Mke wangu alikula nne.

Gorbio tulikwenda siku nyingine, na kama ningeambiwa nichague kijiji kimoja ningechagua hicho. Katikati ya uwanja wake kuna mti mkubwa uliopandwa mwaka 1713, na wazee wanakaa chini yake kama wazee wanavyokaa chini ya mwembe kwetu. Hakuna msururu wa maduka ya vikumbusho. Kuna shule, kuna watoto, kuna mtu anayepasua kuni. Kila mwaka, kwenye sikukuu ya Ekaristi, wenyeji hukusanya maganda ya konokono, wakayatia mafuta ya zeituni na utambi, wakayapanga kwa maelfu madirishani na juu ya kuta, na maandamano yakapita usiku katika mwanga wa vibatari hivyo. Mwenye mkahawa alitutolea ganda moja kutoka kwenye droo, limeungua ukingoni, akamwekea mke wangu kiganjani. Lilikuwa jepesi kama yai lililotobolewa. Roquebrune nayo ina ngome yake ya kale na mzeituni wa ajabu unaosemwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka 2,000, ila huko wageni ni wengi zaidi. Tulipita kwa saa mbili tukatosheka.

Lipo jambo jingine ambalo makala haikulisema na Mwafrika anayekwenda huko lazima alijue. Ijumaa moja tulivuka mpaka kwenda gulioni Ventimiglia, upande wa Italia. Wakati wa kurudi askari waliingia behewani kukagua hati, kwani Ufaransa ilirejesha ukaguzi katika mpaka huo mwaka 2015. Hati zetu zilikuwa sawa, tukarudishiwa. Vijana watatu walioketi mbele yetu hawakuwa nazo, wakateremshwa. Mmoja alikuwa amevaa kandambili katika baridi ya Februari. Walikuwa wakizungumza Kiarabu cha Sudani, na mmoja aliposikia tunaongea Kiswahili alitugeukia akasema, "Mombasa?" Hatukuwahi kumjibu vizuri. Baadaye tuliambiwa kwamba wanaokataliwa kwenye treni hujaribu kupita juu ya vilima, kwenye njia ambayo Waitalia huiita Passo della Morte, yaani Pito la Kifo, na kwamba njia hiyo hiyo ilitumiwa na Wayahudi na wapinzani wa Mussolini waliokuwa wakikimbilia Ufaransa. Watu wamekufa hapo kwa kuanguka gizani. Tangu siku ile kila nilipovitazama vilima vile vizuri, nilimwona kijana yule na kandambili zake.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, naomba safu yako ikiiandika tena Menton iwape wasomaji mambo haya. Anayekwenda achukue treni ya asubuhi kutoka Nice, apande kijijini kwa basi la kwanza na aulize papo hapo basi la mwisho linarudi saa ngapi, maana siku nzima ni safari chache tu. Abebe maji, kwa sababu mchana milango inafungwa, na avae viatu vinavyoshika mawe. Pasipoti iwe mwilini mwake, isibaki hotelini, hata kama hana nia ya kuvuka mpaka. Akishuka kwa miguu kutoka Sainte-Agnès atenge saa tatu, na magoti yake yakiwa ya umri kama wangu aongeze moja. Ufukwe ataukuta jioni, ukiwa mtupu, na ndipo atakapoona taa zikiwaka moja moja huko juu alikotoka.

Ni mimi msomaji wako wa siku nyingi,
Bwana shamba mstaafu,
Muheza, Tanga